Miwani ya VR Ilikaa Juu ya Kabati Miezi Minne

Mdogo wangu anaishi Manchester. Alipokuja likizo ya Desemba aliniachia Quest 2 yake, miwani ya VR ya kampuni ya Meta, ile inayokufunika macho yote ukajiona uko ndani ya mchezo au video, maana yeye alikuwa ameshanunua Quest 3. Wiki ya kwanza sebule yetu ya Tabata iligeuka ukumbi wa maonyesho: mashemeji, majirani, hata mama mkwe alivishwa, akasogelewa na papa wa baharini wa humo ndani, akapiga yowe "Jamani nitoeni humu!" Wiki ya tatu hakuna aliyeiulizia. Ikarudi kwenye boksi, boksi likapanda juu ya kabati karibu na mashine ya juisi, na huko ikakaa miezi minne.

Wengi wenye miwani hizi mmeishia hapo, nawajua. Mnasema michezo imewachosha. Mimi nadhani kinachochosha ni maandalizi. Unashusha boksi, unakuta chaji imekwisha. Ukichaji, inataka kusasisha programu. Ukimaliza hapo, usogeze meza ndipo uchore mpaka wa kuchezea. Dakika arobaini zimeenda na hamu imekwenda nazo.

Kwangu mambo yalibadilika siku niliponunua kikapu cha ukili na kukiweka chini, pembeni ya kochi, jirani na soketi. Miwani inalala humo ikichaji, kama simu. Chaji ikijaa inanipa saa mbili hivi, zinanitosha kabisa. Meza ya kioo niliihamishia chumbani moja kwa moja. Mume wangu alinung'unika wiki nzima kwamba hana pa kuweka kikombe, akazoea. Ukiacha sebule ilivyo, miwani inaukumbuka mpaka uliouchora na huna haja ya kuchora upya kila siku.

Ila kikapu kisiwe karibu na dirisha! Zile lenzi jua likizipiga zinafanya kazi ya kioo cha kukuza, zinaunguza skrini iliyo nyuma yake. Mimi niliisahau mezani alasiri moja, lenzi zikitazama dirishani. Sasa skrini upande wa jicho la kushoto ina kijidoa kama cha sigara, na hakitafutika. Siku hizi lenzi nazifunika kwa kitambaa, na nikizifuta nazifuta kikavu, bila spiriti.

Kama miwani umepewa na mtu kama mimi, kabla ya kuisingizia kuwa inaumiza kichwa, angalia lenzi zimekaaje. Za Quest 2 unazisukuma kwa vidole, zina nafasi tatu: milimita 58, 63 na 68, kufuata umbali kati ya mboni za macho yako. Mdogo wangu ana uso mpana, aliziacha kwenye 68. Mwezi mzima niliona ukungu nikidhani ndivyo VR ilivyo. Nilipozirudisha 63, maandishi yakasomeka.

Halafu nywele, jambo ambalo wanaoandika maelekezo hawaligusi. Nikisuka twende kilioni, mkanda unakaa bila shida. Nikiwa na rasta nimezifunga kibutu, inabidi kwanza nizipitishe kwenye ule uwazi wa mkanda wa nyuma, ndipo nishushe miwani usoni, kama mtu anayevaa kofia kuanzia kisogoni. Kisha nakaza mkanda wa juu. Ile kitu ina nusu kilo na ushee, ukiuacha ule wa juu umelegea, mashavu ndiyo yatakayobeba.

Kichefuchefu nacho kipo. Macho yanasema unatembea, masikio yanasema umesimama, na tumbo ndilo linaloamua ugomvi, sawasawa na kusoma simu ndani ya daladala. Mwezi wa kwanza shika michezo ambayo wewe umesimama na vitu vinakufuata. Ukianza kutokwa jasho la baridi, vua hapo hapo. Kujikaza kunaongeza tu, nilijikaza nikalala na ndoo pembeni. Feni ya kusimama ikikupuliza usoni inasaidia sana. Pangaboi sikushauri: mume wangu ana futi sita na kitu, alinyoosha mkono juu na rimoti ikagongwa ikaruka hadi jikoni.

Matumizi yangu ni machache na yana saa zake. Asubuhi kabla ya kuoga, dakika ishirini za Beat Saber, kukata vile viboksi kwa mdundo. Kwa joto la Dar hiyo ni jimu kamili, kwa hiyo tafuta kifuniko cha silikoni cha usoni, sponji inanuka. Ijumaa alasiri ni zamu ya mama mkwe. Papa tuliachana naye. Anakaa kwenye kiti chenye mikono, namwekea video ya digrii 360 ya Makka kutoka YouTube, dakika kumi, anageuza kichwa taratibu huku midomo ikicheza. Bando linaliwa, lakini hilo silihesabu. Mwanangu wa miaka minane hagusi. Wenye kampuni wameweka kuanzia miaka 10, tena chini ya usimamizi wa mzazi, na nakiri lile onyesho la Desemba niliwavisha watoto wa jirani kabla sijasoma.

Jumamosi saa nne usiku, kwake bado jioni, nakutana na mdogo wangu. Tulianza na tenisi ya meza, tukagombana, maana intaneti ikichelewa kidogo mpira unakuwa umeshakupita. Tukahamia gofu ndogo ya Walkabout, ambako kila mtu anasubiri zamu yake na mtandao ukivuta miguu hakuna anayedhurika. Umeme ukikatika miwani ina chaji yake, ila kamera zake hazioni gizani, nayo inakwama. Kwa hiyo nina taa ya kuchaji juu ya friji, na bando la simu tayari.

Kule ndani mdogo wangu amejichagulia sura ya ajabu, upara na miwani ya rangi ya chungwa. Lakini kabla ya kupiga analaza shingo upande wa kulia, kama alivyokuwa akifanya akilenga gololi uani kwa bibi. Mara ya kwanza nilipoiona ile shingo nilicheka, nikamwambia apige bwana, kunakucha hapa.