Laptopu Mpya, Kasoro Ndogo: Ipi ya Kuvumilia na Ipi ya Kurudisha Leo

Barua za safari hii karibu zote zina kisa kimoja: mtu amenunua laptopu mpya, amefungua boksi, akaona kitu hakijakaa sawa. Kabla sijaanza, narudia jambo ambalo sitachoka kulisema. Siku za kurudisha bidhaa dukani zinahesabiwa tangu ulipoipokea, hazikusubiri upate jibu langu. Soma karatasi yako ya mauzo kwanza, halafu ndipo uniandikie.

Laptopu yangu ina wiki moja. Nikiifunga, upande wa kushoto karatasi inapita kati ya kifuniko na bodi, upande wa kulia haipiti. Nimeuziwa mbovu?

Hapana. Karatasi ya kawaida ya kuchapia ina unene wa kama milimita 0.1, na tofauti ya kiasi hicho kiwanda kinaitarajia. Hakuna kipande kinachotoka kwenye mashine na kipimo kamili. Mchoro wa kila kipande unataja kipimo chake pamoja na kiasi kinachoruhusiwa kuzidi au kupungua. Kifuniko kikizidi kidogo, bawaba ikipungua kidogo, mpira unaozunguka skrini ukawa mnene kwa unywele, na vyote vikiwa ndani ya ruhusa, jumla yake ndiyo huo mwanya wako. Laptopu ya bei kubwa ina ruhusa finyu zaidi, lakini ruhusa ipo.

Piga picha leo pande zote mbili, kisha upige tena baada ya wiki mbili ukiwa umeiweka mahali palepale. Kasoro ya umbo naipima kwa swali moja: imetulia au inakua? Mwanya uliotoka nao kiwandani utabaki vilevile miaka yote. Mwanya unaopanuka kuna kitu kinausukuma, au kuna kitu kimeachia. Huo niogopeshe nao, hata ukiwa mdogo kuliko wako.

Nimenunua yenye diski ya 512 GB, Windows inaonyesha 476. Nimeibiwa?

Hujaibiwa, mtengenezaji anahesabu gigabaiti moja kuwa baiti bilioni moja, Windows inahesabu baiti 1,073,741,824, na nafasi ni ileile. Hili nimelijibu mara nyingi mno, sitalijibu tena.

Shikamoo mtaalamu. Tachipadi ya laptopu yangu imeinuka kidogo upande mmoja na haibofyeki vizuri. Ina miezi mitano, mwanzoni ilikuwa sawa. Fundi ameniambia laptopu nyembamba ndivyo zilivyo, nisijali.

Marahaba mwanangu. Jali, tena leo. Umesema mwenyewe neno lililonishtua: mwanzoni ilikuwa sawa. Chini ya tachipadi ya laptopu nyingi kuna betri ya lithiamu iliyofungwa ndani ya mfuko laini. Kimiminika kilichomo kikianza kuoza hutoa gesi, gesi haina pa kutokea, mfuko unavimba na kusukuma chochote kilicho juu yake. Dalili ya kwanza huwa hiyo hiyo yako. Zinazofuata ni kava la chini kutuna, kibodi kupinda katikati na kifuniko kukataa kufunga.

Kama bado inawaka, chomoa chaja, hamisha mafaili yako ya muhimu haraka, kisha izime na usiichaji tena. Usiibonyeze irudi chini. Usimruhusu mtu yeyote kuitoboa atoe hewa. Nimeona watu wakielekezwa hivyo na mwili ukanisisimka, kwa sababu betri iliyotobolewa inaweza kuwaka moto mkononi. Kuvimba hakurudi nyuma. Peleka kwa aliyekuuzia au kwa kituo cha mtengenezaji, na useme kwa maneno haya haya: betri imevimba. Ukisema tu tachipadi haifanyi kazi, watabadilisha tachipadi.

Wala msidhani ni tatizo la laptopu za bei rahisi peke yake. Juni 2019 Apple iliwaita wenye MacBook Pro za inchi 15 zilizouzwa kati ya Septemba 2015 na Februari 2017, kwa sababu betri zake zingeweza kupata joto kupita kiasi, na ikazibadilisha bila malipo. Kampuni kubwa ikikubali kuwa betri yake ni hatari, fundi anayekwambia usijali anapata wapi uhakika huo? Badilisha fundi.

Laptopu mpya inayumba mezani.

Igeuze robo mzunguko palepale mezani. Kona ya laptopu inayoyumba ikibadilika, ubovu ni wa meza. Ikibaki kona ileile, jaribu juu ya kioo kinene kilicholala sawa. Hapo nako ikiyumba, angalia kama mguu mmoja wa mpira haujakaa vizuri. Kama kuyumba kumeanza baada ya miezi, rudi kwenye jibu la betri hapo juu.

Nikizima taa za chumba, kwenye pembe za skrini naona mwanga kama unavuja. Tena kuna nukta moja ndogo nyekundu haizimiki. Dukani wamesema ni kawaida. Wananidanganya?

Kwa mwanga, pengine hawakudanganyi. Skrini ya LCD ina taa nyuma yake inayowaka muda wote, na picha nyeusi hupatikana kwa kuiziba taa hiyo. Kuziba hakukamiliki. Kuna mng'ao wa pembeni unaohama ukisogeza kichwa. Huo ni tabia ya skrini za aina ya IPS, hauna dawa na hauongezeki. Kuna na mwanga unaovuja mahali pamoja popote unapokaa, kwa sababu fremu imeibana skrini vibaya. Usipime kwa giza totoro na mwanga wa skrini umepandishwa hadi mwisho. Pima kwa namna unavyoitumia, ukitazama filamu yenye giza kwa mwanga wa kawaida. Ukiuona hapo, irudishe. Anayetaka weusi kamili anunue OLED, ambayo kila pikseli, yaani kila nukta ndogo inayounda picha, inajiwashia taa yake, na akubali kuwa picha isiyosogea ikikaa miezi mahali pamoja inaweza kuacha alama.

Nukta ni habari nyingine. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina pikseli zaidi ya milioni 2, na kila moja ina vipande vitatu vya rangi. Kuna kiwango cha kimataifa, ISO 9241-307, kinachozipanga skrini kwa madaraja. Daraja la sifuri haliruhusu pikseli mbovu hata moja. Daraja la pili, kwa kila pikseli milioni moja, linaruhusu mbili zinazowaka daima, mbili zilizozimika daima, na hadi vipande vitano vya rangi vyenye hitilafu. Nukta yako nyekundu ni kipande kimoja. Kama mtengenezaji ameahidi daraja la pili, kwa waranti huna kesi. Kwa duka, kama siku za kurudisha hazijaisha, unayo, maana maduka mengi katika siku hizo hayadai sababu. Ndiyo maana nawasihi: siku ya kwanza jaza skrini rangi nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani na buluu, moja moja, na muitazame kwa makini. Ni kazi ya dakika tano.

Nikiichaji, bodi la chuma linanitekenya mkono.

Chaja yako ni ya pini mbili, haina waya wa kwenda ardhini. Ndani yake kuna kapasita ya kutuliza vurugu za umeme, nayo hupitisha mkondo mdogo sana hadi kwenye chuma. Kwa chaja halisi hauna madhara, na ukitumia waya wa pini tatu kwenye soketi yenye ardhi hutoweka. Ukipigwa shoti hadi unavuta mkono, acha kuitumia papo hapo. Chaja za kuigiza zinazouzwa kwa jina la kampuni ni hatari ya kweli, usizichukulie kama njia ya kubana matumizi.

Inapiga mluzi mwembamba nikifungua programu nzito. Si feni.

Ni koili za umeme zinazotetemeka mkondo unapopanda na kushuka. Haziharibiki kwa hilo. Kama sauti inakukera, irudishe ndani ya siku zako. Nyingine ya toleo lilelile inaweza kuwa kimya.

Bawaba ni ngumu sana. Nikifungua, plastiki ya kona inalia, na ukingo wa skrini unaachana kidogo kisha unarudi. Waranti ni mwaka mzima, nimeamua kusubiri nione.

Usisubiri. Hakuna uamuzi unaoniumiza kama huu, na nauona kila mara. Katika laptopu nyingi za plastiki, mkono wa chuma wa bawaba umefungwa kwa skrubu kwenye nati ndogo zilizozamishwa ndani ya plastiki. Bawaba ikikaza mno, kila unapofungua unazing'oa nati hizo kidogo kidogo, mpaka siku moja kona inapasuka. Leo una bidhaa mpya yenye kasoro ya kiwandani. Siku hiyo utakuwa na laptopu iliyovunjika, na watakuuliza uliiangusha wapi.

Rekodi video fupi ikilia, na uipeleke kesho. Mpaka hapo ifungue kwa kushika katikati ya kifuniko, usishike kona. Na usipake gundi: ikiingia kwenye bawaba itaikaza zaidi, na utakuwa umewapa sababu ya kukunyima waranti.

Boksi lilikuwa na stika yake, lakini vichwa vya skrubu mbili chini vina mikwaruzo na karatasi ya kinga ya skrini haikuwepo. Niache tu?

Usiache. Karatasi ya kinga peke yake haithibitishi kitu, kwani kuna matoleo yanayokuja bila hiyo. Skrubu zilizokwaruzwa zina maana kuna bisibisi iliyopita hapo. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, kisha usome faili itakayotengenezwa. Linganisha ujazo wa betri wa kiwandani na ujazo wake wa sasa. Tofauti ya asilimia chache ni ya kawaida kwa betri mpya. Tazama pia mizunguko ya chaji, ingawa baadhi ya laptopu haziiandiki. Mpya huwa na sifuri au michache sana. Ukikuta makumi, hiyo imeshatumiwa na mtu mwingine: chapa ripoti, piga picha skrubu, beba risiti, na udai mpya au fedha zako zote. Wakikupa punguzo ili ukae nayo, kataa.