Vituo vya kuchukulia dawa nje ya famasi: mfuko wenye jina sio stoku

Mkuu mleta uzi, nimepitia swali lako na majibu yote mpaka hapa chini, ngoja nikujibu kwa kirefu maana hii kazi nimeifanya kwa mikono yangu. Unasema una famasi Arusha mjini, unataka wateja wako wa presha na sukari wa Tengeru na Usa River wasihangaike kuja mjini kila mwezi, dawa zao uwaachie kwa wakala wa fedha au duka la jirani, na unauliza kila kituo kinahitaji usajili wake au usajili wa famasi unatosha. Halafu kuna jamaa hapo juu kakwambia dawa ni mzigo kama mzigo mwingine, mbona viatu vya mtandaoni vinaachwa kwa wakala na hakuna anayeuliza. Huyo usimsikilize kabisa.

Mimi nilikuwa natoa dawa kwenye famasi moja Moshi, karibu na stendi. Wateja wengi walikuwa watu wa kliniki za hospitali za KCMC na Mawenzi, mtu anaandikiwa dawa, ananunua za mwezi wa kwanza kwetu, baada ya hapo hataki tena kushuka. Na usimlaumu, mzee anatoka Tarakea na magoti yake mabovu, nauli ya kuja na kurudi inazidi bei ya amlodipine, dawa ya presha, aliyoifuata. Kwa hiyo ikawa ni makonda tu. Tunafunga dawa kwenye mfuko wa kaki, tunaandika jina na namba ya simu, konda anaubeba mpaka mji wa Mkuu kule Rombo, anauacha kwenye duka pale stendi, mgonjwa anatuma mjukuu auchukue. Hakuna siku tulikaa tukasema tunafungua kituo, kilijifungua chenyewe. Na mpaka leo simama stendi yoyote ya huku kaskazini asubuhi, mifuko hiyo utaiona juu ya dashibodi za Haisi.

Sasa shida ilikuja kwenye majina. Rombo kina Shirima na kina Tarimo wako kila kijiji, ukiandika "Mama Shirima, Mkuu" bado hujaandika mtu. Kukawa na mama wawili wa jina hilo, mmoja wa presha mmoja wa sukari, mwenye duka akampa wa presha mfuko wa mwenzake. Ndani kuna glibenclamide. Kwa wasioijua, hiyo inashusha sukari, na mtu asiye na kisukari akiimeza, tena bibi aliyekunywa chai ya rangi tu asubuhi, anaweza kudondoka akapoteza fahamu. Bahati yake mjukuu alikuwa anasoma uuguzi, akageuza ile karatasi ya vidonge akasema bibi hizi sio zako, akatupigia. Na mwenye duka utamlaumu nini, yeye kazi yake ni kuuza unga na vocha, nani alimfundisha kusoma lebo ya dawa?

Ndio maana swali la usajili mimi naliona liko nyuma kidogo. La kwanza ni hili: hiyo dawa ikiwa pale kwa wakala, ni ya nani? Kama mfamasia ameshaona cheti cha daktari, ameshaongea na mgonjwa, ameshahesabu vidonge, ameandika lebo na kufunga mfuko kwa jina la mtu mmoja, basi ule mfuko ni wa huyo mtu, kituo kinautunza tu. Lakini wakala akiwa na boksi la losartan, nayo ya presha, chini ya kaunta la kumgawia yeyote atakayekuja na cheti, hapo mkuu umeshafungua duka la dawa bila kibali, hata kama umebandika bango la "kituo cha kuchukulia". Chini ya Sheria ya Famasi, Sura 311, sehemu ya biashara ya dawa inasajiliwa na Baraza la Famasi na famasi inakuwa na mfamasia msimamizi, hakuna kona ya kupitia. Hata Duka la Dawa Muhimu, yale yaliyoanzia Ruvuma 2003, lina watoa dawa waliopewa mafunzo na lina orodha yake ya dawa linazoruhusiwa, haliuzi chochote linachojisikia.

Ushauri wangu usikisie, andikia Baraza kabla hujapeleka hata mfuko mmoja, eleza mfumo wako wote, nani anafunga, nani anabeba, nani anakabidhi, mfuko unaandikwa wapi, na usubiri jibu la maandishi. Mkaguzi akija ukaanza kumwambia "nilidhani" hiyo haikusaidii. Na kama kuna DLDM, yaani Duka la Dawa Muhimu, iliyosajiliwa hapo Tengeru ongea nao kwanza kabla ya wakala wa fedha, kuna mtu aliyesomea na kuna kabati la kufungwa, robo tatu ya kazi umeshamaliza.

Baada ya lile la kina Mama Shirima mfamasia wetu alibadilisha utaratibu. Majina matatu, mwaka wa kuzaliwa, stika ambayo ukiifungua inachanika, na mgonjwa anatumiwa namba nne kwa meseji, bila hizo namba duka halitoi mfuko hata kwa mwenyekiti wa kijiji. Duka likawa na daftari, anayepokea anasaini. Ila kilichosaidia kuliko vyote ni simu. Kabla ya kufunga mfuko mfamasia anampigia mgonjwa, sio meseji, simu: umepima presha lini, daktari kakubadilishia dozi, miguu inavimba, una kikohozi kikavu? Watu wanacheka maswali hayo ila amlodipine inavimbisha miguu kweli na enalapril inaleta kikohozi, mtu anakunywa dawa za mafua mwezi mzima kumbe tatizo ni kidonge cha presha. Wengine tuliwarudisha kliniki kwa simu hiyo tu, mfuko haukwenda. Kwa maoni yangu kanuni yoyote ikija kutungwa na haina hiyo simu ndani yake, itakuwa kanuni ya kusimamia mabegi tu.

Kuna vitu usiweke kituoni hata ubembelezwe. Tramadol, diazepam, sirapu zenye codeine, hizo za kulewesha na kuzoeleka, mgonjwa aje mwenyewe. Dawa anayoianza kwa mara ya kwanza, aje. Antibayotiki ya unga ya mtoto pia, maana mama lazima aonyeshwe maji yanafika alama gani, sasa nani atamwonyesha, wakala? Na insulini ndio usiguse kama kituo hakina friji inayosomwa joto kila siku, ambayo haijafunguliwa inataka nyuzi 2 hadi 8. Watu wanadhani adui ni joto peke yake. Nimeona ya mteja mmoja ilifungwa imegusana na barafu, ikafika imeganda, ikayeyuka, ukiiangalia iko sawa kabisa, lakini insulini ikishaganda ni ya kutupa. Na hayo makabati ya chuma ya kufungua kwa namba ya siri mnayoyasifia humu, weka moja chini ya bati pale Himo mwezi wa pili saa nane mchana halafu uniambie ndani kuna joto gani.

Aliyeuliza kama kuna nchi imefanya, Afrika Kusini wameanza tangu 2014, serikali yenyewe inapeleka dawa za magonjwa sugu na ARV kwenye famasi binafsi na sehemu nyingine za karibu na watu, ila ni kwa wagonjwa ambao hali yao imetulia. Hapa kwetu CTC, zile kliniki za wanaoishi na VVU, nao walipunguza foleni kwa njia nyingine, aliyetulia anapewa dawa za miezi kadhaa kwa mkupuo. Hilo nalo lifikirie, huenda wateja wako wengine hawahitaji kituo, wanahitaji daktari awaandikie miezi mitatu.

Usiri pia. Mfuko usionyeshe dawa gani wala ugonjwa gani, na daftari la wakala liwe na namba ya mfuko na saini basi. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na habari za afya ya mtu ni taarifa nyeti, sasa wewe unampa wakala orodha ya wagonjwa wa Usa River nzima, kesho iko kwenye grupu la Watsapu la mtaa.

Halafu mifuko isiyochukuliwa, hii naona hakuna aliyeigusa. Weka ukomo, sisi ilikuwa wiki mbili, ukipita mfuko unarudi famasi na mgonjwa anapigiwa, maana aliyeacha kuchukua dawa ya presha mara nyingi ameishiwa hela, amelazwa, au kuna mtu kamwambia kitunguu saumu kinatosha. Dawa zikirudi hazipandi shelfu kuuzwa tena, hujui zililala wapi, zinatengwa na kuandikwa mpaka ziteketezwe kwa utaratibu. Hasara hiyo iweke kwenye hesabu zako mapema kabla hujamwambia wakala kamisheni yake ni shilingi ngapi.