Madoa ya uso baada ya ujauzito: je, nitafute krimu yenye nguvu zaidi?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina umri wa miaka 34, ninaishi Igombe, na kazi yangu ni kuanika dagaa. Tangu nilipokuwa na ujauzito wa mtoto wangu wa pili, ambaye sasa ana miezi minane na bado ananyonya, nimetokwa na madoa ya kahawia mashavuni na juu ya mdomo. Dukani nilipimiwa krimu katika kikopo kisicho na maandishi. Wiki ya pili uso uling'aa, lakini nilipoacha madoa yalirudi yakiwa meusi zaidi, na sasa uso unawaka na umejaa vipele. Je, nitafute krimu yenye nguvu zaidi?

JIBU: Marahaba, mama. Usitafute, kwa sababu nguvu ya ile ya kwanza ndiyo iliyokufikisha hapo. Madoa uliyoanza nayo yanaelekea kuwa melazma, ambayo huchochewa na homoni za ujauzito, na wakati mwingine za vidonge vya uzazi wa mpango, kisha jua likayakoleza.

Dhana inayonichosha kuliko zote, na ninayoisikia karibu kila siku ya kliniki, ni kwamba doa ni kitu kilichoganda juu ya ngozi, hivyo likisuguliwa, likipakwa limao au likichubuliwa litabanduka. Rangi hiyo hutengenezwa na seli zilizo chini kabisa ya tabaka la juu la ngozi, na seli hizo zikiudhiwa huongeza kazi: limao likiunguza au jiwe likikwaruza, ngozi hupata uvimbe wa ndani ambao huzichochea kutengeneza rangi nyingi zaidi. Wanaosugua kwa bidii ndio wanaonijia na nyuso zilizoharibika zaidi.

Uso unaong'aa kwa wiki mbili, kisha ukawaka na kutoa vipele mara krimu inapoachwa, hunifanya nishuku steroidi kali, mara nyingi klobetasoli. Hiyo ni dawa nzuri kwa magonjwa fulani ya ngozi, lakini si ya kupakwa usoni kila siku bila usimamizi. Hubana mishipa midogo ya damu na kuzilaza seli za rangi, na papo hapo huifanya ngozi iwe nyembamba. Ukiiacha, mishipa hutanuka, uso huwaka, na jua huikuta ngozi ikiwa haina kinga yake ya kawaida. Mteja hudhani kwamba madoa yamerudi kwa sababu dozi ilikuwa ndogo, anarudi dukani, na muuzaji anafurahi.

Kwa kuwa unanyonyesha, dawa ambayo ningeifikiria kwanza, baada ya ngozi kutulia, ni asidi azelaiki ya asilimia 15 au 20, ambayo huchukua miezi kadhaa kuonyesha matokeo. Hata hiyo haitafaa kitu bila kinga ya jua. Ninajua kwamba dagaa hawaanikwi kivulini, kwa hiyo sikuambii ukae ndani. Vaa pama yenye ukingo mpana, na kwa kuwa mchanga mkavu hurudisha miale usoni kutoka chini, paka pia krimu ya kukinga jua yenye SPF, yaani kipimo cha nguvu ya kinga, ya 30 au zaidi, tena ile yenye rangi ya kahawia itokanayo na oksaidi za chuma. Kwa ngozi nyeusi, mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho nao hukoleza melazma, na krimu nyingi zisizo na rangi huupitisha. Anayekuambia kwamba mtu mweusi hahitaji kinga ya jua hajawahi kutibu melazma.

Sasa niseme juu ya mkorogo kwa ujumla, kwa maana hili si lako peke yako. Vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni (dawa ya kufifisha rangi ya ngozi) au steroidi vimepigwa marufuku nchini, lakini bado vinachanganywa kwenye ndoo na kupimwa kwa kijiko. Haidrokwinoni ni dawa halali mkononi mwa daktari, kwa miezi michache. Ikipakwa kiholela kwa miaka inaweza kuacha weusi wenye ubuluu ambao ni mgumu mno kuondoa. Afrika Kusini iliona madhara hayo kwa wingi hadi ikaipiga marufuku katika vipodozi mwaka 1990. Zebaki nayo haiishii usoni: hupenya ngozi, huharibu figo, na huwafikia watoto kupitia mikono, mashuka na maziwa ya mama.

Kwa hiyo njoo kliniki ya ngozi mapema, ukiwa na kikopo hicho hata kama kimebaki kitupu. Ikiwa miguu imeanza kuvimba au mikono kutetemeka, huenda ni zebaki, usisubiri siku ya kliniki. Mlete na mtoto, kwa sababu tukishuku zebaki tutahitaji kupima mkojo wenu nyote wawili.