Zaka na dawa za mama

Dada yangu, umeuliza kama ni kumwibia Mungu ukichukua zaka (fungu la kumi la mapato) ya mwezi huu ukamnunulia mama dawa. Wengi watakutajia Malaki 3:10, "Leteni zaka kamili ghalani", na kuishia hapo. Soma pia Kumbukumbu la Torati 14:28-29: kila mwaka wa tatu zaka iliwekwa malangoni, Mlawi, mgeni, yatima na mjane wakala wakashiba. Tena yalikuwa mazao ya shamba, si mshahara. Na katika Marko 7 Yesu aliwakemea waliosema "Korbani", yaani mali hii ni wakfu kwa Mungu, ili wasiwasaidie wazazi wao. Hapo sina shaka hata kidogo: mnunulie mama dawa. Mchungaji mweleze wazi tu. Mwezi ujao, Mungu akikujalia, toa kama ulivyokusudia moyoni (2 Wakorintho 9:7). Mama apone haraka.