Kompresheni ndogo kwenye kwadi kuukuu: jua upepo unatokea wapi kabla ya kununua pistoni

Geji ya kompresheni, ile inayopima upepo unavyobanwa ndani ya silinda, inasoma psi 85, fundi anasema pistoni imekwisha, mwenye kwadi (pikipiki ya magurudumu manne) anakimbilia dukani. Mwezi haujaisha, pistoni mpya nayo imechanika ubavu. Geji haikudanganya. Ilisema upepo unatoroka, basi. Unatorokea wapi, na nini kilisababisha, hilo ni la kutafuta kwa mikono yako.

Tuchukue Yamaha Blaster, ile ya cc 195 iliyotengenezwa kuanzia 1988 hadi 2006. Ni injini ya mipigo miwili yenye silinda moja, inapozwa na upepo, kipenyo cha silinda ni mm 66 na mwendo wa pistoni mm 57. Ukiizoea hii, kwadi nyingine za mipigo miwili hazitakusumbua. Namba zitabadilika, ujanja ni ule ule.

Anza na geji yenyewe, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapojipotosha. Geji ya mpira mrefu iliyotengenezwa kwa ajili ya magari huwa inasoma chini kwenye injini ndogo kama valvu yake ya kuzuia upepo ipo juu kwenye saa, maana hewa ya ndani ya mpira inahesabika kama sehemu ya silinda. Tafuta yenye valvu kwenye ncha inayoingia tundu la plagi. Blaster inatumia plagi ya NGK B8ES, uzi wa mm 14 wenye urefu wa mm 19, kwa hiyo ncha ya geji nayo iwe ya uzi mrefu.

Washa injini ipate joto la kawaida, zima, toa plagi. Irudishe kwenye kofia yake na uiegemeze kwenye chuma cha injini, kwa sababu umeme ukikosa pa kutokea unaweza kuua CDI, kile kisanduku kinachotawala cheche ya plagi. Funga geji, sukuma kidole cha mafuta hadi mwisho na ukishikilie hapo hapo. Ukipiga kiki mafuta yakiwa yamefungwa, silinda inakosa hewa ya kutosha na namba itakuwa ya uongo. Piga kiki kwa nguvu ile ile, mara tano hadi kumi, mpaka mshale ugome kupanda. Rudia mara mbili au tatu.

Blaster ya kiwandani iliyo nzima, ukiwa usawa wa bahari, husoma kama psi 110 hadi 130. Chini ya 100 jiandae kufungua. Ikifika 90 kushuka utaona inagoma kuwaka ikiwa na joto, hata kama asubuhi inawaka. Lakini angalia ulipo. Presha ya hewa Nairobi ni kama asilimia 80 ya ile ya pwani, kwa hiyo injini inayosoma 120 Mombasa itasoma karibu 96 Nairobi bila kuwa na ubovu wowote. Na namba kubwa mno, tuseme 160 kwenye injini ambayo mwenyewe anaapa haijaguswa, si ya kushangilia: ama kuna kaboni nene juu ya pistoni, ama silinda hedi ilikwanguliwa.

Kama unakwenda kununua, shika pua ya eksozi kabla ya kusalimiana na mtu. Ikiwa ya moto, injini imeshawashwa ili ikufiche ugumu wa kuwaka. Na kuna hila nyingine ya zamani: muuzaji anamwaga oili kidogo kwenye tundu la plagi kabla hujafika. Oili inaziba nafasi ya ringi na geji inapanda vizuri kabisa. Iendeshe dakika kumi, kisha pima tena mbele yake.

Hiyo hila ya muuzaji ni kipimo kizuri mikononi mwako. Weka kijiko kimoja cha chai cha oili ya mipigo miwili, kisichozidi ml 5, piga kiki mara mbili isambae, pima. Ikiruka kutoka 85 hadi 110, upepo unapita kwenye ringi. Isipotikisika, tazama juu kwenye silinda hedi. Usimwage zaidi ya hapo, maana oili nyingi inapunguza chumba cha moto na namba itapanda hata kwa injini mbovu.

Sasa toa eksozi. Ndilo dirisha ulilopewa bure. Sukuma kiki taratibu kwa mkono na kumulika kwa tochi: utaona ubavu wa pistoni ukipita, kisha ringi. Zibonye kwa kijiti cha mbao, kamwe si bisibisi. Ringi nzima inazama na kurudi kama springi, na iliyogandishwa na kaboni haichezi. Mikwaruzo ya wima upande huu wa eksozi maana yake pistoni ilipata joto kali ikakamata. Ubavu wa upande wa kabureta ukiwa umefifia na kulika kama uliopigwa msasa, huo ni mchanga: filta ya hewa ilikuwa chafu, imechanika, au ilifungwa bila oili yake. Kwadi zinazokimbia ufukweni na kwenye matuta ya mchanga hufa sana kwa njia hii.

Silinda hedi haina mambo mengi. Paka povu la sabuni kwenye kiungo chake na piga kiki plagi ikiwa imefungwa. Bubujiko litakuonyesha. Ukiitoa, ilaze juu ya kioo kinene na upitishe filagauji (bati jembamba la kupimia nafasi) ya mm 0.03 pembeni. Ikipita, isugue kwa msasa namba 400 uliolazwa kwenye kioo hicho, kwa mwendo wa namba nane, kisha funga na gasketi mpya.

Kipimo cha geji kinahusu juu ya pistoni tu, na hapa ndipo pistoni mpya zinapoungua. Kwenye mipigo miwili chumba cha krenki, kilicho chini ya pistoni, nacho kinabana hewa. Oili sili ya upande wa magneto (inayozalisha umeme) ikivuja, injini inanyonya upepo wa ziada, mafuta yanakuwa machache, resi inachelewa kushuka ukiachia, na pistoni inayeyuka. Ikivuja ya upande wa klachi, inanyonya oili ya giabox: moshi mzito usioisha na oili inayopungua bila tone chini. Geji ya kompresheni haioni hata moja kati ya hayo.

Ipime kwa kipimapresha cha hospitali, kile chenye mpira wa kubinya na saa ya mpaka mmHg 300. Ziba tundu la eksozi kwa kipande cha tyubu na sahani ya chuma iliyofungwa kwa boliti zake. Toa kabureta, ziba mpira wake kwa kizibo chenye mrija, na rudisha plagi. Shusha pistoni chini kabisa ili juu na chini viwe chumba kimoja. Jaza hadi 300, ambayo ni kama psi 5.8. Usiende mbali zaidi, sili zinaweza kuchomoka. Injini nzuri inasimama hapo hapo. Ikipoteza zaidi ya 50 kwa dakika, pita na povu: chini ya silinda, kwenye ridi valvu (ile ya vibati kati ya kabureta na chumba cha krenki), kisha fungua magneto upake sili yake.

Pistoni ikiwa nje, shika konrodi, chuma kinachounganisha pistoni na krenki, uivute juu na chini. Kucheza pembeni ni kawaida, lakini kugonga wima ni beringi iliyokwisha, na kuiwekea pistoni mpya ni kutupa pesa. Silinda ipimwe sehemu tatu, kwa pande mbili kila sehemu. Tofauti ikizidi mm 0.05, ringi mpya peke yake haisaidii, silinda inatakiwa kupanuliwa. Nunua pistoni kwanza (66.25, 66.50 na kuendelea), umpelekee mkerezaji ikiwa mkononi ili achonge kwa kuifuata, na mkumbushe kulainisha kingo za matundu. Ringi mpya isukume ndani ya silinda na upime pengo la ncha zake. Mm 0.3 ni sawa.

Mshale wa pistoni uelekee eksozi, herufi za ringi zitazame juu, klipu za pini ziwe mpya. Kabla ya kuwasha, tazama kama pampu ya oili, inayoilisha injini oili yenyewe, bado ipo. Wengi huing'oa, na aliyekuuzia huenda hakusema. Kama haipo, kila lita tano za petroli zipate ml 156 za oili. Washa, iache ipate joto, ipoe kabisa, mara tatu. Ukishaitembeza masaa kadhaa pima tena, na andika namba mpya pamoja na tarehe chini ya kiti kwa kalamu ya rangi.