Nyoka akianza kujivua gamba, alishwe au aachwe?

Barua nyingi za safari hii zina kilio kimoja: nyoka amechujuka rangi na hataki kula. Nazungumzia gamba la nyoka mwenyewe. Lile la wanasiasa lina waandishi wake.

Nina chatu wa Afrika Magharibi, Python regius, wa miaka mitatu. Tumbo limekuwa la waridi, macho yameingia ukungu wa buluu, na panya nikimpa anageuza kichwa. Hii ni wiki ya pili. Nimpeleke kwa daktari? (Msomaji, London)

Bado. Nyoka hana kope. Jicho lake limefunikwa na gamba angavu, nalo hubadilishwa pamoja na ngozi nyingine yote. Kati ya gamba la zamani na jipya mwili hutoa majimaji ya kuyatenganisha, na ukungu unaouona ndio huo. Baada ya siku kadhaa jicho hutakata, mwenye nyoka akadhani mambo yamekwisha, kumbe gamba lenyewe hutoka siku chache baada ya hapo. Tangu rangi kuchujuka hadi gamba kutoka huchukua wiki moja au mbili hivi, kwa hiyo wako hajachelewa.

Chakula anakikataa kwa sababu anaona kwa shida, na nyoka asiyeona vizuri huchagua kujificha. Hata hivyo wapo wanaokula. Chatu wako ana vishimo mdomoni vinavyohisi joto, hivyo panya aliyepashwa moto anaweza kumlenga hata macho yakiwa na ukungu. Ukisikia chatu wa mwenzako anakula kipindi hiki na wako hali, wote wawili ni wazima.

Mimi nikishaona macho ya buluu simpi kitu mpaka gamba litoke. Akila, hakuna madhara. Ila mara nyingi utayeyusha panya bure, umtupe, kisha ulale na wasiwasi. Na tafadhali, usimwachie panya hai humo ndani kwa matumaini kwamba atamla usiku. Panya ana meno, na nyoka aliye katika hali hiyo hujitetea vibaya. Nimeona migongo iliyochimbwa mpaka nyama inaonekana.

Chatu mzima mwenye afya anaweza kukaa wiki nyingi bila kula. Mpime kwenye mizani ya jikoni (iwe yake peke yake, si ya unga wa chapati) na uandike uzito. Akipungua zaidi ya sehemu moja ya kumi, au akitoa povu mdomoni, au akipumua kwa mluzi, hapo tafuta daktari wa mifugo anayewajua wanyama watambaao.

Gamba la nyoka wangu linatoka vipandevipande, na jicho moja bado lina ukungu. Nimlishe kwanza apate nguvu? (Msomaji, Minneapolis)

Nguvu anazo, anachokosa ni unyevu. Huko kwenu majira ya baridi mashine za kupasha nyumba joto hukausha hewa sana. Gamba zuri hutoka zima, limegeuzwa ndani nje kama soksi. Kwa chatu wa Afrika Magharibi weka unyevu wa asilimia 60 hivi siku za kawaida, na uupandishe kufikia 70 au zaidi rangi inapochujuka. Usikisie, nunua kipima unyevu. Njia rahisi ni boksi la plastiki lenye tundu la kuingilia, ndani uweke taulo la karatasi lililoloweshwa na kukamuliwa. Ataingia mwenyewe.

Vipande vilivyobaki, mweke kwenye maji ya uvuguvugu yasiyozidi kimo cha mwili wake kwa dakika 20 hivi, ukimwangalia, kisha umpitishe taratibu ndani ya kitambaa kibichi. Kagua ncha ya mkia. Gamba likibaki hapo mara kwa mara hukaza, damu isipite, na ncha ikafa.

Jicho usiliguse. Usitumie kibano, wala utepe wa gundi, hata kama kuna mtu ameonyesha kwenye video. Ukibandua gamba jipya pamoja na la zamani unaweza kumpofusha. Pandisha unyevu, ngoja gamba lijalo, na likikataa tena mwachie daktari. Chakula mpe kama kawaida baada ya kumwacha atulie.

Shikamoo mwalimu. Nina miaka kumi na sita, baba amenikubalia kufuga nyoka mwekundu wa Marekani, Pantherophis guttatus. Ametoka kwenye yai wiki hii na hajala chochote. Atakufa? (Msomaji, Toronto)

Marahaba mwanangu. Hafi. Kitoto cha nyoka huyu kwa kawaida hujivua gamba la kwanza siku saba hadi kumi baada ya kuanguliwa, na kabla ya hapo huishi kwa kiini cha yai kilichobaki tumboni. Mwache mpaka ajivue, kisha umpe kitoto cha panya kisichoota manyoya, kilichogandishwa kikayeyushwa. Kiyeyushe ndani ya jokofu, halafu kipashe kwa maji ya moto kiasi cha mkono kuvumilia. Maikrowevu hapana, kitapasuka. Aina hii haina vishimo vya joto kama chatu. Inategemea zaidi ulimi na harufu, kwa hiyo mkaribishie chakula kwa koleo polepole.

Nina neno na aliyekuuzia. Kitoto cha nyoka hakiuzwi kabla hakijajivua na kula mara kadhaa. Safari nyingine uliza amekula mara ngapi, na omba kumbukumbu zake.

Wangu alikula akiwa na macho ya buluu. Kesho yake nilimtoa niwaonyeshe wageni, akatapika panya mzima. (Msomaji, Muscat)

Wageni wangeweza kuonyeshwa picha. Nyoka aliyekula haguswi kwa saa 48, na anayejivua haguswi bila sababu. Sasa mpe maji safi, hakikisha upande wake wa joto una joto linalofaa aina yake, na usimlishe kwa siku 10 hadi 14. Kisha mpe panya mdogo kuliko uliomzoesha. Akitapika mara ya pili, daktari.

Bibi anasisitiza nyoka akijivua anyweshwe maziwa na apewe yai mbichi ili ngozi ing'ae. (Msomaji, Mombasa)

Mpe bibi salamu zangu, na maziwa yabaki kwenye chai yake. Nyoka si mnyama anayenyonya. Mwili wake haukuumbwa kushughulikia maziwa, na akiyanywa ni kwa kiu tu. Yai ni habari nyingine. Afrika Mashariki tunao nyoka wa jenasi Dasypeltis ambao hula mayai ya ndege peke yake, huyapasua kwa mifupa ya shingo na kutema ganda. Wa kwako akila panya, mwendelezee panya.

Na kwa kuwa umeniandikia kutoka Kenya: je, una kibali? Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haikuruhusu kumwokota nyoka shambani ukamfuga bila idhini ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, hata awe mpole namna gani.

Gamba limetoka jana. Nimlishe lini, na nimwongezee ukubwa wa panya? (Msomaji, Nairobi)

Leo au kesho. Wengi hunya mara tu baada ya kujivua, kwa hiyo safisha kizimba kwanza, na uoshe mikono kwa sabuni kwa sababu ya bakteria wa salmonela. Panya awe na unene unaokaribiana na sehemu nene zaidi ya mwili wa nyoka, pengine azidi kidogo tu. Usimpimie kwa gamba lililotoka. Gamba hunyooka na kuwa refu kuliko mwenyewe.