Jibu: Grupu la wasapu na zahanati yetu
Dada umeuliza kama grupu la wasapu la mtaa linaweza kuibana zahanati, linaweza sana ila msiishie kulalamika humo humo. Sisi huku Tanga kuna mama mjamzito alitozwa hela ya vipimo vya kliniki wakati sera inasema bure, tukapiga picha kile kikaratasi alichoandikiwa, tarehe inaonekana, jina lake tumelifunika kwa kidole, tukamrushia mjumbe wetu kwenye kamati inayosimamia kituo cha afya, wiki haijaisha hela ikarudi. Na kituo cha serikali ukidaiwa malipo omba kontroli namba, ile namba ya kulipia serikalini yenye tarakimu 12, ukiambiwa weka tu hapo mezani usitoe. Inaniuma kwa kweli, wanaotozwa ndo wale hawana kabisa. Mjumbe wenu wa kamati mnamjua?